Kabari ya Ndahani

Vijana wawili waliokuja kuniambia kwamba Ndahani amekufa walikuja wakicheka. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Miyuji, hapa Dodoma, nachambua mchicha, wakasimama nje ya geti, mmoja akaita, "Bibi Mhehe, mtumwa wako katoroka! Safari hii hatumpati tena." Wakaangua kicheko, kisha yule mdogo akageuka pembeni akajifuta macho kwa mkono wa shati. Ndivyo mtani anavyopewa habari ya msiba. Mimi ni Mhehe, Ndahani alikuwa Mgogo, na kati yetu kuna utani wa tangu vita vya mababu: tunatukanana, tunanyang'anyana vitu, tunazikana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Waliniambia mazishi ni kesho yake, upande wa Hombolo, na kwamba marehemu mwenyewe aliacha maagizo nisikose. Niliwajibu kama inavyotakiwa, kwamba mtumwa hafi bila kuomba ruhusa na nitakwenda kumuuliza mwenyewe, wakaondoka wameridhika. Niliporudi kwenye ungo nikagundua natupa majani na kubakiza mashina. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao sijawahi kumsimulia mtu sawasawa, hata marehemu mume wangu, ambaye nilimsimulia mengi, mengine hata bila yeye kutaka kuyasikia. Nauandika sasa kwa sababu jana nilijaribu kuusema kwa mdomo, na yaliyotokea nitayaeleza nikifika.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo, na bendera yake ilikuwa inapandishwa bomani kila asubuhi. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikotoka na kwa nini nilitoka si habari ya sura hii. Itoshe kwamba nilifika Dodoma na kanga mbili na barua ya mwalimu wa misheni inayosema najua kusoma, nikapata kazi kwenye kinu cha mafuta ya karanga. Ukienda leo hutaona kitu. Pale palipokuwa na kinu pana maduka ya simu na saluni, na reli yenyewe imezikwa, isipokuwa vipande vichache ambavyo watu wameving'oa wakavifanya nguzo za mageti. Lakini wakati ule palikuwa na njia ya pembeni iliyochomoka stesheni, ikapita nyuma ya maghala ya Wahindi, ikakata kichaka cha minyaa, ikaishia ndani ya ua wa kiwanda chetu. Tuliiita Mkia. Garimoshi kubwa halikuingia kwenye Mkia. Liliacha mabehewa matupu pale njia panda ya reli, na watu kumi wakayavuta mpaka kiwandani, na yakishajaa mapipa ya mafuta na magunia ya mashudu wakayasukuma kuyarudisha. Mgeni atakuambia Dodoma ni tambarare. Gurudumu la chuma linajua mwinuko ambao mguu wa mtu haujui, na kutoka kiwandani kwenda stesheni Mkia ulikuwa unapanda.

Kazi ya Ndahani ilikuwa kabari. Wenzake walisukuma, yeye alitembea kando ya gurudumu la nyuma ameinama, kipande cha mti mgumu mkononi, kimechongwa upande mmoja ukawa mwembamba kama ulimi. Wasukumaji walipochoka alipiga kelele, akakisukumiza chini ya gurudumu, behewa likakaa, watu wakapumua. Kisha wimbo unaanza tena, anaitoa, wanakwenda. Kabari ile aliichonga mwenyewe, ilikuwa nyeusi kwa grisi na mikono, na hakumwazima mtu. Aliiita mwanangu. Alikuwa mrefu, ana ndewe ndefu za masikio kama Wagogo wa zamani, na sauti yake ilifika kabla yake. Kila asubuhi nilipoingia getini alikuwa anaita, "Jamani, fungeni mbwa, Mhehe anapita! Atawamaliza!" Nami nilijibu kwamba babu yangu alimfukuza babu yake mpaka akaacha mgolole kwenye miiba, na kama anautaka aje kwetu, tunadekia. Kiwanda kizima kilikuwa kinasubiri majibu hayo. Nilikuwa mpweke sana mwaka ule, na naweza kusema bila aibu, moja ya machache nitakayoyasema bila aibu hapa, kwamba matusi ya mtu yule ndiyo yaliyonifanya nijisikie nina ndugu katika mji ule.

Sisi wanawake tulikuwa kumi na wanane, kwenye banda la bati lililokuwa wazi upande wa reli. Tulikaa juu ya magunia, kila mmoja na ungo wake, tukitenga karanga nzima na zilizooza, na vumbi la maganda lilituingia puani mpaka chakula chote kikawa na ladha ya karanga. Kula karanga ilikuwa marufuku. Jioni, kabla ya kutoka, tulipanga foleni mbele ya mnyapara Juma, kila mmoja akapewa kikombe cha maji, akasukutua, akatema kwenye beseni jeupe, na mnyapara akachungulia kama maji yametoka na weupe wa karanga. Mwanamume mzima, na kofia yake, akichungulia mate ya wanawake. Hawa, rafiki yangu kutoka Kondoa, alikuwa anasukutua kwa madaha marefu, kisha anamwuliza, "Umeona nini leo, mnyapara? Nitaolewa?" Marufuku ya pili ilikuwa reli. Mbele ya banda palikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na mwanamke atakayeuvuka alikuwa hana kazi. Walisema ni kwa usalama wetu. Mimi niliona ni sawa na beseni lile, kwa hiyo kuuvuka kulinipa raha, na niliuvuka mara nyingi mnyapara alipokuwa amegeuka.

Mchana ule wanaume walikuwa wanakula upande wa kivuli cha ghala, wamezunguka sufuria moja ya ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Ndahani alikwenda kunawa, akaiacha kabari imeegemea ukuta. Mtani akiacha kitu chake, kimekwenda. Atakikomboa kwa zawadi, na kelele za kukikomboa ndiyo sherehe yenyewe. Nilivuka mawe, nikaichukua, nikaifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, nikarudi bandani naibembeleza. Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga ungo. Hawa alikuwa ananyoosha mkono kumfinya mtoto mashavu. Kisha nikaifukia kwenye lundo la maganda lililokuwa nyuma yetu, nikakaa juu ya gunia langu na uso wa mtu anayesali.

Ndahani alipomaliza kula akatafuta. Alizunguka ukuta, akatazama chini ya behewa, akatutazama sisi, akajua. Alikuja mpaka kwenye mawe meupe, akasimama upande wake, maana yeye aliheshimu mstari. "Mtani," akaniita, "nipe mwanangu, analia." Nikamwambia, "Mwanao kanyonya kalala. Lete kibuyu cha maziwa mgando, nitamwamsha." Akacheka. Akasema atayaleta kesho, mkewe amegandisha. Nikasema basi na mtoto atarudi kesho. Ndipo mnyapara Juma akatokea ofisini anapiga kelele: garimoshi la abiria kutoka Tabora limeshapita kituo cha jirani, behewa lazima litoke kwenye Mkia sasa hivi lifungwe nyuma yake. Ndahani akanitazama mara moja tena, bado anacheka. Sekunde ile ninaifahamu kuliko sura ya mtu yeyote. Nilichotakiwa ni kugeuka na kuchimbua maganda. Lakini nikimtoa mtoto mbele ya mnyapara, itajulikana nilivuka mawe. Na zaidi ya hilo, nitakuwa nimeshindwa utani bila kupewa hata tone la maziwa. Nilitikisa kichwa. Yeye akainua mabega, akaokota jiwe kando ya njia, akaenda.

Walifika nusu ya mwinuko, pale kwenye minyaa. Kutoka bandani tulisikia wimbo unakwenda vizuri, kisha tukasikia anapiga kelele yake ya kusimamisha, kisha wimbo ukakatika, na sauti moja ikaendelea peke yake ambayo haikuwa ya kuimba. Jiwe la kwetu lile ni jeupe na laini, la chokaa. Lilipobanwa lilipasuka, behewa likarudi nyuma kiasi cha shubiri moja, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado unalisukumiza. Wanawake wote walisimama. Mimi nilibaki nimekaa, na hakuna hata mmoja aliyenitazama, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama wangenitazama. Wakampitisha mbele yetu amebebwa kwenye gunia la turubai. Mkono ulikuwa umefungwa shati la mtu. Alasiri, kazi zilipoanza tena, wapiga moto wakaja na vikapu kuchukua maganda, maana tanuru la kinu lilikuwa linakula maganda. Neno moja lingetosha. Nilichofanya ni kuinuka nikawasaidia kujaza. Niliiona ncha yake nyeusi ikiingia kikapuni, nikaifunika kwa mkupuo mwingine wa maganda, nikafuata kwa macho mpaka mlango wa tanuru ukafunguliwa. Watu husema ujana, hofu, ujinga. Mkono wangu siku ile haukutetemeka hata kidogo.

Hospitali walikikata kiganja chote. Majuma matatu yakapita kabla hajaweza kusimama kwenye baraza la kiwanda, na katika majuma hayo matatu nilikula, nililala, niliosha nywele. Hawa alivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili, tukiwa chumbani kwetu tunapika, chumba kimoja cha kota chenye kitanda kimoja na jiko la mawe matatu mlangoni, akaniuliza bila kugeuka, "Utasema lini?" Nikamjibu kwamba nikisema watatufukuza sote kumi na wanane, kwa sababu sote tulicheka na sote tulijua. Akaacha kukoroga. "Mimi usinifanye ngao," akasema. "Sisi tumenyamaza kwa sababu jambo ni lako. Wewe umenyamaza kwa sababu gani?" Nikaambiwa hivyo na mtu ambaye Kiswahili alijifunza ukubwani, na mimi mwenye barua ya misheni nikainama kuchochea moto. Ile hoja ya kuwalinda wenzangu niliitumia miaka mingi baadaye, nikaizoea kama kiatu cha zamani. Haikuwa ya kweli hata siku niliyoitunga.

Baraza lilikaa ofisini kwa mwenye kiwanda, Mhindi mmoja mpole tuliyemwita Bwana Miwani, pamoja na Mzungu wa reli aliyetaka kujua kama kosa ni la njia au la mtu. Ilikuwa muhimu: kosa likiwa la njia, au la mtu mwingine, Ndahani angebaki na chumba chake cha kota na angetafutiwa kazi ya mkono mmoja, labda ulinzi wa geti. Likiwa lake, aondoke. Dirisha lilikuwa wazi na sisi tulikuwa chini yake na nyungo zetu. Karani alitafsiri maswali ya Mzungu. "Kabari yako ilikuwa wapi?"

"Niliisahau nyumbani, Bwana."

"Wenzako wanasema ulikuja nayo asubuhi, uliitumia mpaka saa sita."

"Basi nilisahau kwamba nilikuja nayo."

Karani alidhani anafanyiwa jeuri, akaitafsiri kwa ukali. Mnyapara Juma akatoka nje, akasimama kwenye mawe meupe, akatuuliza kama kuna anayejua kabari ilikwenda wapi. Nyungo zikaendelea kupepeta. Ndani, Ndahani alikuwa amenyamaza naye, na kunyamaza kwake nilikuelewa: alikuwa ameniachia mlango wazi, yeye hataniingiza na hataniburuta, mtani hampeleki mtani barazani. Nilitakiwa kuingia kwa miguu yangu. Nilipepeta ungo uliokuwa hauna kitu. Baada ya muda Bwana Miwani akasema kwa sauti ya mtu anayeumwa jino kwamba imebainika ni uzembe, pole sana, chumba kiwe wazi kufikia Jumamosi.

Alhamisi mnyapara aliniita. Kuanzia sasa, alisema, vyombo vyote vya reli vitakaa stoo na vitatolewa kwa kuandikiwa, kabari mpya ya chuma na mitaimbo na kamba, na kwa kuwa mimi ndiye mwanamke pekee anayesoma, stoo ni yangu. Sitapepeta tena, wala sitatemea beseni. Akanipa ufunguo. Nilisema asante. Nimejaribu kukumbuka kama nilisita, kwa kweli nimejaribu, ningependa sana kuwa nilisita.

Ijumaa nilikwenda kwao. Nilikuwa nimejiambia nitamwambia yeye kwanza, kisha Jumamosi asubuhi nitakwenda ofisini. Chumba kilikuwa karibu kitupu. Mikeka imekunjwa, vyungu vimefungwa kamba, binti yao Tabitha, wa miaka minne hivi, amekaa juu ya furushi anakataa kushuka. Mkewe Rebeka alinikaribisha kama ndugu. "Mbukwa, wifi Mhehe," akanisalimu kwa Kigogo, akafungua chungu alichokwisha kukifunga ili anipikie. Ndahani alikuwa ameketi ukutani, kile kigutu amekiweka mapajani kimefungwa kitambaa safi. "Rebeka, mfiche mbwa wa jirani," akasema. Nikaketi mlangoni. Tukala ugali na mlenda, yeye akijifunza kukata tonge kwa kushoto, likimdondoka, akiliokota. Na maziwa yalikuwepo. Rebeka aliyaleta kwenye kibuyu, akanimiminia mimi kwanza, akasema mume wake alisema ni yangu, ni ya ahadi. Niliyanywa. Nilipoweka kikombe chini nikasema, "Mtani, ile kabari—"

"Nasikia umepewa ufunguo," akasema.

"Ile kabari mimi—"

"Najua ilikokuwa." Alisema polepole, akimtazama mwanawe na si mimi. "Ukinisimulia hapa, mtani, itakuwa si utani tena. Itakuwa kosa, na mimi itabidi nikasirike, na nikianza kukasirika sijui nitaishia wapi. Maneno hayo yana mahali pake, na mahali pake ni kule kwa Bwana Miwani. Hapa unataka nikubebee tu. Nimebaki na mkono mmoja, na kesho mkono huo una mzigo wake." Kisha akacheka, kicheko chake kilekile kikubwa, na Rebeka akacheka bila kujua kwa nini, na mtoto akacheka kwa kuwaona wazazi wake.

Jumamosi asubuhi nilipita mbele ya mlango wa ofisi. Ulikuwa wazi, Bwana Miwani alikuwa ndani anakunywa chai. Nikaenda nikafungua stoo. Kama saa nne niliwaona wakipita kando ya Mkia, Rebeka na furushi kichwani, yeye amembeba binti kwa mkono mzima, wakaelekea mashariki. Nilikaa stoo ile miaka sita. Hawa alihama chumba chetu mwezi uleule, akasema tu kwamba amepata cha karibu na msikiti.

Na sasa jana. Kwa zaidi ya miaka sitini mtu yule alinikuta sokoni, kliniki, kwenye harusi za watu, akaniita mlaji mbwa mbele ya umati, nami nikamwita mtumwa, na kila mara nilijiambia kwamba amesahau au amesamehe, kulingana na hali yangu ya siku hiyo. Tulimzika kando ya shamba lake la zabibu. Kaburi lilipokuwa tayari mila ikataka mtani asimame, azuie jeneza, aseme upuuzi wake. Wajukuu zangu walinishika kwapa. Nikasema, "Mnayemlia hapa, mimi ndiye niliyemkata mkono." Wakacheka. Nikasema, sauti yangu ikiwa kavu kabisa, kwamba niliiba kabari yake, nikaifukia, nikaichoma moto kwa mikono yangu mwenyewe, nikakaa chini ya dirisha wakati anafukuzwa, na nikapewa ufunguo. Kila neno liliongeza kicheko. Kijana mmoja alijishikilia kwenye nguzo ya zabibu asianguke. Nikapaza sauti: "Sitanii! Kweli tupu!" Hapo hata mchungaji alishindwa kujizuia. Nilitaka mtu mmoja tu, mmoja, anikasirikie.

Tabitha, ambaye sasa naye ni bibi kizee, alinijia akiwa anafuta machozi, ya kilio na ya kicheko hayakujulikana tena. "Mama, asante," akasema. "Baba alituagiza. Alisema siku yake mtani wake atasimama aseme makubwa, na lolote atakalosema, tumcheke." Nikamtazama nijue kama anajua. Alikuwa anatabasamu tu. Kisha wakaniletea haki ya mtani, mguu wa mbuzi uliofungwa kwenye jani la mgomba, na watu wote wakiangalia nikaupokea kwa heshima, kwa mikono miwili.